Soma, Pima, Ndipo Ubadilishe: Hitilafu za Mawasiliano kwenye Mifumo ya Tahadhari ya Moto

(Hotuba kwa mafundi wa umeme na wasimamizi wa majengo, Dar es Salaam)

Ndugu mwenyekiti, walimu wetu, mafundi wenzangu, na ninyi wasimamizi wa majengo mliotuheshimu kwa kufika, habari za asubuhi.

Nimepewa mada ya hitilafu za mawasiliano kati ya paneli ya moto, yaani kisanduku kinachosimamia mfumo wa tahadhari, na vifaa vyake. Nitaanzia mapokezi, maana ndiko paneli nyingi zinakofungwa. Ingia kwenye jengo refu lolote, iwe hoteli, ofisi au hospitali, kisha tazama ukutani nyuma ya mhudumu. Mara nyingi mno utakuta taa ya njano inawaka. Muulize imewaka tangu lini, atakujibu, "Hiyo iko hivyo siku zote." Buza imenyamazishwa, watu wameizoea, maisha yanaendelea.

Taa ile ni ya hitilafu, na mara nyingi inasema kwamba kuna sehemu ya jengo hili ambayo paneli haina habari nayo. Inaweza kuwa stoo ya ghorofa ya tatu. Inaweza kuwa korido nzima wanayolala wageni. Moto ukianzia pale, paneli itakaa kimya mpaka moshi ufike kwenye ditekta nyingine, yaani kigunduzi cha moshi au joto, inayosikika, na dakika zitakazopotea hapo katikati hazina wa kuzirudisha. Ndiyo maana sipendi kusikia fundi akisema, "Ni folti tu (yaani hitilafu), siyo moto." Kwa eneo lile, folti ile imeshaondoa ulinzi kabla moto haujafika.

Sasa tuone mazungumzo yenyewe yanakwendaje, maana ukiyaelewa hayo nusu ya kazi imekwisha.

Paneli za anwani, ambazo kila kifaa chake kina namba yake, zinaongea na vifaa hivyo kwa nyaya mbili tu. Nyaya hizohizo zinabeba umeme wa kuviendesha vifaa na zinabeba pia ujumbe. Zinatoka kwenye paneli, zinapita ditekta hadi ditekta, kibonyezo cha kuliza king'ora hadi kibonyezo, ghorofa hadi ghorofa, kisha zinarudi kwenye paneli ileile. Ndiyo lupu. Chukua mfano wa XP95, aina ya vifaa vya kampuni ya Apollo, ambayo wengi wenu mmeikuta kazini: volti za lupu ni kati ya 17 na 28, na lupu moja inachukua hadi anwani 126. Paneli inafanya kazi ya mwalimu anayeita mahudhurio. Inaita namba moja, namba moja anaitika na kueleza hali yake. Inaita namba mbili, namba tatu, hadi mwisho wa orodha, kisha inaanza upya, mchana na usiku. Asiyeitika anaandikwa hayupo. Wawili wakiitikia jina moja kwa wakati mmoja, mwalimu anasikia sauti zilizogongana na hawezi kumwandika yeyote. Na kama darasani kuna kelele, hata waliopo wataonekana watoro.

Hayo matatu ndiyo familia kubwa za hitilafu tunazokutana nazo: kifaa hakijibu, anwani imegongana, au mawasiliano yanavurugwa. Paneli haitakiwi kukaa muda mrefu na siri hiyo. Kiwango cha Ulaya cha EN 54-2 kinataka hitilafu ionyeshwe ndani ya sekunde 100. NFPA 72 ya Marekani inatoa sekunde 200. Kwa hiyo paneli inafanya wajibu wake upesi sana. Uzembe unaanza kwetu sisi tunaoisoma.

Ninachoomba mkishike leo ni mpangilio wa kazi: soma kwanza, pima baadaye, na kubadilisha kifaa kuje mwisho kabisa.

Nasema hivi kwa sababu ninajua kinachotokea. Fundi anafika, mteja amesimama nyuma yake, buza inapiga kelele, mkono unakwenda moja kwa moja kwenye kitufe cha kuriseti. Paneli inaanza upya, hitilafu inapotea kwa dakika mbili, kisha inarudi. Fundi anapanda ngazi, anang'oa ditekta, anaweka mpya. Hitilafu inarudi. Anaweka nyingine. Mteja anapewa ankara ya ditekta mbili, na taa ya njano iko palepale. Ditekta zile za mwanzo zilikuwa nzima.

Kabla hujagusa kitu, toa simu, piga picha kila ukurasa wa skrini ya paneli. Kisha ingia kwenye kumbukumbu ya matukio, usome saa. Saa zinasema mengi. Vifaa vitatu vilivyopotea katika sekunde moja vina chanzo kimoja, hata kama viko ghorofa mbili tofauti. Hitilafu inayotokea kila asubuhi muda uleule inakutuma ukaulize kuna mashine gani inawashwa muda huo: pampu ya maji, kiyoyozi kikubwa, jenereta ya majaribio. Hitilafu iliyoanza siku mvua za masika ziliponyesha inakutuma juu ya paa. Na ile iliyoanza Jumamosi mchana, siku ambayo ofisi imefungwa, inakutuma kwa mlinzi, umuulize kwa heshima: "Kaka, Jumamosi nani alikuwa juu ya dari?" Mlinzi anajua. Dada wa usafi anajua pia, kwa sababu ndiye aliyefagia vumbi la jipsamu. Watu hawa wawili wamenisaidia kazini kuliko vitabu vingi, na mara nyingi hakuna fundi anayewauliza.

Ukishasoma, utakuwa na picha ya aina tatu. Kimepotea kifaa kimoja. Au vimepotea kadhaa vinavyofuatana. Au vinapotea na kurudi, leo hiki kesho kile, bila mpangilio unaoonekana. Kila picha ina njia yake.

Tuanze na kifaa kimoja. Kwanza, je, kipo? Msicheke, wapaka rangi hushusha vichwa vya ditekta na kuvisahau kwenye boksi. Kama kipo, tazama anwani yake inatunzwa wapi, kwa sababu hapo watengenezaji wanatofautiana na ndipo mafundi wengi wanapopotea. Kwenye XP95 anwani iko kwenye kadi ndogo ya plastiki yenye vipini saba, inayokaa kwenye beisi, yaani kitako kilichofungwa darini ambacho kichwa cha ditekta hushikwa nacho. Kichwa kinaisoma kadi hiyo kikifungwa. Aina nyingine zina swichi za kuzungusha kwa bisibisi mgongoni mwa kichwa chenyewe. Nyingine zinapewa namba kwa kifaa cha mkononi kabla ya kufungwa. Ukibadilisha kichwa bila kujua hili, unaweza kuondoa kifaa kizima na kuingiza kisicho na anwani sahihi.

Na hapa kuna jambo zuri la kulitazama kwa karibu. Kipini kimoja kwenye ile kadi kikivunjika, ditekta inajitambulisha kwa namba nyingine. Paneli itatoa malalamiko mawili: namba 37 haipo, na namba nyingine kabisa, labda upande wa pili wa jengo, imejirudia. Fundi asiyesoma skrini yote atapanda kwenye hiyo iliyojirudia, ataikuta nzima, atachanganyikiwa. Fundi aliyesoma yote mawili pamoja atajiuliza kwanza kama aliyekosekana huku siye huyohuyo aliyezidi kule. Hitilafu mbili kwenye skrini, chanzo kimoja.

Kama anwani iko sawa, fanya jaribio lisilogharimu hata shilingi. Kwenye mifumo ambayo anwani iko kwenye beisi, chukua kichwa cha jirani cha aina ileile, ambacho unajua kinajibu, uvibadilishane. Hitilafu ikihama na kichwa, kichwa kina tatizo. Ikibaki mahali pake, tatizo liko kwenye beisi, kwenye skrubu au kwenye waya, na hapo hakuna kichwa kipya kitakachokusaidia. Angalia tu vyote viwili viwe vya aina moja: ukiweka ya joto mahali paneli inategemea ya moshi, itakulalamikia kwamba aina siyo, na utakuwa umejitengenezea hitilafu ya pili.

Kuna jengo moja pwani, korido yake inatazama bahari. Ditekta ya mwisho wa korido ilikuwa inapotea na kurudi. Tulipofika, kichwa chake kilikuwa kipya, cheupe kuliko majirani zake wote. Waliotutangulia walikuwa wamekibadilisha. Tulipokifungua, tatizo lilionekana kwa macho. Skrubu ya waya unaoingia ilikuwa na unga wa kijani. Shaba yenyewe ilikuwa imegeuka nyeusi, weusi umeingia ndani ya ganda karibu urefu wa inchi moja. Mwenzangu aliushika waya kwa vidole viwili, akauvuta taratibu, ukatoka wote bila skrubu kulegezwa. Hewa ya chumvi ilikuwa imefanya kazi yake kimyakimya, mwaka baada ya mwaka. Tulikata sehemu iliyoliwa, tukamenya mpaka kwenye shaba safi, tukabadilisha beisi, tukakaza, tukaziba tundu la bomba lililokuwa linaingiza upepo kutoka nje. Kichwa kilekile kikajibu. Kwenu mnaofanya kazi Tanga, Mombasa, Zanzibar, Mtwara, kagueni skrubu kabla ya kulaumu elektroniki.

Sasa vifaa vinavyofuatana. Vikipotea kwa mfululizo, fikiria shoti kati ya aisoleta mbili. Aisoleta ni kifaa kinachofungua mkondo pale nyaya zinapogusana, ili sehemu mbovu itengwe na lupu iliyobaki iendelee kuishi. Kiwango cha EN 54-2 kinataka hitilafu moja kwenye saketi isiondoe ditekta na vibonyezo zaidi ya 32. Kiwango cha Uingereza, BS 5839-1, kinasema shoti moja au kukatika kumoja kusiondoe ulinzi kwenye eneo linalozidi mita za mraba 2,000. Hizo siyo namba za kupamba mchoro. Zinakuambia kwamba kama shoti moja imezima ghorofa nne kwa mpigo, aliyefunga mfumo hakuweka aisoleta, au alizibana nyaya pamoja bila kuzipitisha ndani yake. Mripotie mwenye jengo kwa maandishi, hata kama hukuitwa kwa ajili hiyo.

Kuikuta shoti iliyotengwa na aisoleta si kazi ngumu: eneo lako la kutafuta limeshawekewa mipaka na vifaa vilivyokufa. Kazi ngumu, na ndipo ninataka tukae kidogo, ni lupu iliyokatika.

Lupu ikikatika mahali pamoja, hakuna kifaa kinachopotea. Paneli inagundua kwamba upande wa kurudi hausikii kilichotumwa upande wa kutoka, basi inalisha pande zote mbili. Vifaa vyote vinajibu, na taa ya njano inasema lupu iko wazi. Wengi huiacha hapo, wakisema mfumo unafanya kazi. Ni kweli unafanya kazi, lakini hauna akiba tena. Kukatika kwa pili popote pale kutavipoteza vifaa vyote vilivyo katikati.

Njia ya kupata mahali palipokatika haihitaji hata mita. Mjulishe msimamizi, weka mtu wa kuzunguka jengo wakati unafanya kazi, kisha chomoa upande wa kurudi kwenye paneli ili lupu ilishwe upande mmoja tu. Subiri. Andika nani wanajibu. Kisha rudisha, chomoa upande wa kutoka, lisha kwa nyuma, andika tena. Sasa una orodha mbili. Zifuate kwenye mchoro wa jinsi waya ulivyopita: mahali orodha ya kwanza inapoishia na ya pili inapoanzia, katikati ya vifaa hivyo viwili ndipo waya ulipokatika. Unapanda ngazi mara mbili badala ya kufungua dari nzima. Na kama kuna vifaa visivyotokea kwenye orodha yoyote, basi pamekatika mahali pawili, na hivyo ndivyo vilivyonaswa katikati.

Mmesikia nimesema "kwenye mchoro". Namba za anwani hazifuati njia ya waya, hasa kwenye jengo lililoongezwa vyumba. Namba 12 inaweza kuwa imefungwa kati ya 80 na 81. Bila mchoro wa jinsi lupu ilivyofungwa kweli, zile orodha mbili ni fumbo. Wasimamizi wa majengo, karatasi ile iliyoko kabatini, au iliyochukuliwa na mkandarasi akaondoka nayo, ina thamani kuliko paneli yenyewe siku ya hitilafu. Idaini. Msimlipe mkandarasi malipo ya mwisho kabla hajaikabidhi.

Ukitaka kupima kwa mita, chomoa ncha zote za lupu kwenye paneli, pima ukinzani wa kila waya kutoka mwanzo hadi mwisho. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 una omu 12.1 kwa kilomita. Lupu ya mita 800 itakupa takriban omu 10 kwa kila waya. Ukipata 30, kuna skrubu legevu au kiungo kibovu njiani. Kumbuka tu kwamba aisoleta nyingi zinakaa wazi zikikosa umeme, kwa hiyo waya unaopita ndani yake unaweza kuonekana umekatika wakati ni mzima. Soma karatasi ya mtengenezaji ujue ni waya upi, chanya au hasi, kabla hujatoa hukumu.

Kwa nini nang'ang'ania omu 20 za ziada? Fanyeni hesabu pamoja nami. Mfumo ukiwa umetulia, lupu yenye vifaa vingi inavuta labda miliampia 40. Kwenye skrubu yenye omu 20 hizo, inapotea volti 0.8. Hakuna anayegundua, ditekta zinajibu vizuri, taa ni ya kijani. Moto unatokea. Ving'ora vilivyo kwenye lupu ileile vinaanza kulia, mkondo unapanda hadi miliampia 200. Skrubu ileile sasa inakula volti 4. Kama jengo limekatiwa umeme na paneli iko kwenye betri iliyochoka, vifaa vilivyo mbali vinashuka chini ya kiwango chao, vinaacha kujibu, ving'ora vinafifia. Mfumo unaanguka saa ileile uliyojengewa. Hitilafu hii haitaonekana kwa kutazama paneli siku ya kawaida. Itaonekana tu ukizima umeme mkubwa, ukaacha betri zibebe mzigo, ukaliza ving'ora vyote, na ukapima volti kwenye kifaa cha mbali kabisa. Hilo jaribio linasumbua wapangaji, najua. Wapewe taarifa mapema, lifanyike.

Hapohapo niseme juu ya waya. Sokoni kuna nyaya zilizopakwa shaba juu na ndani ni alumini. Bei yake inavutia. Ukinzani wake ni zaidi ya mara moja na nusu ya shaba, na inakatika kirahisi ikikunjwa kwenye skrubu. Kwenye lupu ya moto hiyo ni hatari iliyonunuliwa kwa risiti. Kwangua ncha kwa kisu kabla hujalipa. Ukiona weupe chini ya wekundu, rudisha.

Tuje kwenye zinazopotea na kurudi bila mpangilio. Hapa ndipo inapoingia ile kelele ya darasani. Nyaya za lupu zimelazwa kwenye trei moja na nyaya za umeme mkubwa, au zinapita karibu na kidhibiti cha mwendo wa mota ya lifti. Au waya una ngao ya kuzuia kelele, lakini ngao imekatizwa kwenye beisi moja, au imefungwa kwenye ethi, yaani muunganisho wa ardhini, kila mahali fundi alipokuta chuma. Ngao iwe moja isiyokatika lupu nzima, na ifungwe kwenye ethi upande wa paneli kama mtengenezaji anavyoelekeza. Ikigusa bomba la chuma katikati ya safari, inageuka njia ya kuingizia kelele badala ya kuizuia.

Na kuna hitilafu ya ethi, waya mmoja umegusa mwili wa jengo. Nayo hudharauliwa kwa sababu ikiwa moja mara nyingi haizuii chochote. Vifaa vyote vinajibu. Lakini waya wa pili ukigusa mahali pengine, hizo mbili zinakutana kupitia chuma cha jengo na unapata shoti ambayo hakuna anayeielewa. Itafute wakati ikiwa moja. Chomoa lupu kwenye paneli. Taa ya ethi ikizimika, iko kwenye lupu hiyo. Igawe katikati, pima kila nusu dhidi ya ethi, chukua nusu mbovu, igawe tena. Ndani ya muda mfupi unabaki na kipande cha waya kati ya vifaa viwili: pale skrubu ya jipsamu ilipopita kwenye ganda, pale panya alipokula, pale maji ya paa yanapodondokea kwenye boksi la kiungo.

Hapa nasimama kwa ukali. Usichukue megga, kile kipimo cha ganda la waya kinachotumia volti kubwa, ukapiga volti 500 kwenye lupu yenye vifaa. Utaua ditekta, modyuli (visanduku vidogo vya kuunganishia vifaa vingine kwenye lupu) na aisoleta kwa mpigo mmoja, na utakuwa umegeuza hitilafu moja kuwa mia. Megga ni ya waya mtupu: vichwa vimeshushwa, modyuli zimechomolewa, paneli imetengwa. Hapo ndipo upime, na BS 5839-1 inataka usipungue megaomu 2. Kama huwezi kuhakikisha kila kifaa kimetoka, tumia mita ya kawaida na uvumilivu.

Nimebakiza jambo la kuzima anwani. Kila paneli ina uwezo wa kukizima kifaa kimoja ili kisisumbue. Uwezo huo upo kwa sababu nzuri, kama vile mafundi wanachomelea vyuma chumba fulani kwa saa mbili. Lakini umegeuzwa kuwa dawa ya hitilafu. Kifaa hakijibu, fundi anakizima, anaandika "imeshughulikiwa", anaondoka. Waswahili wamesema mficha maradhi kifo humuumbua. Wasimamizi, kila mwezi ombeni orodha ya anwani zilizozimwa. Kila moja iwe na jina la aliyezima, sababu, na tarehe ya kuirudisha. Na mkiona fundi ametumia saa tatu kupima na hakubadilisha kifaa hata kimoja, mlipeni kwa saa hizo bila kinyongo. Tukiendelea kulipa kwa idadi ya vichwa vipya, tutapata vichwa vipya na hitilafu zilezile.

Halafu kuna majina. Kila anwani ina maandishi yake kwenye paneli, na maandishi yasiyoeleweka ni kukatika kwa mawasiliano kati ya paneli na binadamu. Tarehe 31 Januari 2004, moto ulizuka usiku katika nyumba ya kutunzia wazee iitwayo Rosepark, huko Uddingston, Uskoti. King'ora kililia. Wahudumu waliangalia paneli, lakini hawakuelewa vizuri eneo lililoonyeshwa ni sehemu gani ya jengo, wakaenda kutafuta, na takriban dakika tisa zikapita kabla zimamoto hawajapigiwa simu. Wazee 14 walifariki. Vifaa viliongea, walioambiwa hawakuelewa. Kwa hiyo ukikuta kwenye skrini imeandikwa "Ditekta 45, Kanda 3" na hakuna kingine, hesabu hiyo ni hitilafu. Andika "Korido ghorofa ya pili, mlango wa ngazi ya mashariki". Andika kwa lugha anayoisoma mlinzi wa zamu ya usiku, kisha mpeleke umwonyeshe ilipo. Na namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji iwe imebandikwa hapohapo pembeni ya paneli, kwa herufi kubwa.

Mwisho wa matengenezo siyo taa ya njano kuzimika. Chomoa tena upande wa kurudi, hakikisha kila anwani inajibu kwa kulishwa upande mmoja. Kisha upande wa pili vilevile. Rudisha zote. Panda mpaka kwenye kifaa kilichokuwa kimepotea, kipulizie moshi wa kopo la majaribio, mwenzako akiwa kwenye paneli na simu sikioni, akusomee neno kwa neno kilichoandikwa. Akisoma chumba kingine, kazi haijaisha. Akisoma sawasawa, shuka uandike kwenye daftari la mfumo: omu za kila waya, volti kwenye kifaa cha mbali, kiungo kipya kiko wapi, na uchore kile kiungo kwenye mchoro.

Kwenye meza ile ya nyuma tumefunga lupu ndogo yenye paneli, beisi 12 na aisoleta tatu, na walimu wameiwekea hitilafu ambazo hata mimi sijaonyeshwa ziko wapi. Mchoro upo ukutani, mita zipo, karatasi na kalamu zipo. Gawanyikeni wanne wanne, na wasimamizi wa majengo tafadhali msibaki kwenye viti. Kila kundi limchukue mmoja awe wa kusoma skrini. Bisibisi ninazo mimi. Kundi litakaloniletea maandishi ya kile paneli inachosema, pamoja na mahali wanapodhani pa kuanzia na sababu yake, ndilo litakalopewa.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.